Mfuga Maji

Taa wa manjano, yule wa maji ya kina kifupi ya Florida na visiwa vya Karibi, si samaki mkubwa. Upana wake ni kama sentimita 35, na mkia wake mfupi una mwiba wenye sumu. Kwa udogo huo anaingia sebuleni, na ndiyo maana Wamarekani wanaofuga samaki wa baharini majumbani humpenda. Sisi wa Pwani, tuliozoea kumkuta taa mchuzini, huenda tukacheka. Lakini kaa na mfugaji hodari jioni moja akiwa kazini, utaona kwamba taa mwenyewe hamshughulishi sana. Kinachomshughulisha ni maji, na ni ufundi huo wa kufuga maji ninaotaka kuusifu.

Huanza na tangi tupu. Wengi hawakubali tangi la chini ya lita 700, na wanachopigania ni upana wa sakafu kuliko kina, kwa sababu taa ni mkazi wa chini. Sakafu yenyewe hutandikwa mchanga laini, maana changarawe ya matumbawe humchubua tumbo. Kisha taa zinawashwa, pampu inanguruma, na kwa wiki 4 hadi 6, pengine zaidi, hakuna kiumbe kinachoonekana mle ndani. Wageni wanauliza samaki yuko wapi. Mwenye tangi anawangoja bakteria waote kwenye mawe na kwenye chujio, wale watakaoigeuza amonia kuwa nitraiti, na nitraiti kuwa nitreti isiyodhuru haraka. Taa hula sana na huchafua sana. Akitiwa kabla bakteria hao hawajatosha, atakufa kwa uchafu wake mwenyewe.

Mtazame mfugaji anapopima. Anachota maji kidogo kwenye kichupa cha kioo, anadondosha dawa tone kwa tone, anatikisa, kisha anakiinua mbele ya karatasi nyeupe. Maji yakibaki manjano, amonia haipo. Yakianza kuelekea ukijani, hata ule wa kubahatisha, chakula cha siku hiyo kinafutwa na ndoo zinatolewa. Tena kuna mvuke: maji hupanda hewani na chumvi hubaki, kwa hiyo kila siku anajazia maji baridi yasiyo na chumvi, ili chumvi isipite gramu 35 hivi kwa lita. Ni kazi ya kuchosha, haina picha ya kumpelekea mtu, na mimi naiheshimu kwa hilo hasa.

Adui wengine hutoka dukani. Samaki wa kawaida wakishikwa na madoa meupe ya vimelea hutibiwa kwa dawa ya shaba. Dawa hiyo hiyo ni sumu kwa taa na papa. Hata maji yaliyopita kwenye mabomba ya shaba hutiliwa shaka. Hita nayo hufichwa kwenye tangi la pembeni, kwani taa hulala juu yake akaungua. Na waya unaovujisha umeme humsumbua kuliko tunavyoweza kuhisi: usoni na tumboni ana vitundu vilivyojaa ute, ambavyo Mtaliano Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678, na kwa vitundu hivyo hunusa umeme hafifu wa kamba aliyejificha mchangani.

Chakula hupelekwa kwa koleo refu: kipande cha ngisi, kamba, nyama ya chaza. Taa hukifunika kwa mwili mzima, mchanga unatimka kidogo, kisha hukitafuna. Mfugaji makini huwa ameshakichomeka kidonge cha vitamini na iodini ndani ya ngisi. Baadhi ya samaki na kamba wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na taa anayekosa iodini hupata rovu, uvimbe ule ule wa kooni unaowapata watu.

Liko jambo moja ambalo kwangu ndilo linalomtenga fundi na mnunuzi. Taa wa madoa ya buluu, anayeishi kwenye miamba yetu na hadi Bahari ya Shamu, alielezwa na Peter Forsskål katika kitabu kilichotoka 1775, baada ya yeye kufia Yemen. Hakuna taa mzuri kumshinda, na wafanyabiashara wanalijua hilo. Wengi wa taa hao, wakishafika tangini, hugoma kula hadi wafe. Fundi humpita, akaenda kwa yule wa manjano asiye na mbwembwe. Hukagua kama pande mbili za shina la mkia zimebonyea, dalili ya njaa ya muda mrefu, kisha humwomba muuzaji amlishe mbele yake. Muuzaji akileta visingizio, anaaga na kuondoka.