Tulichapwa, Tukacheka

Zaidi ya nusu ya kumbukumbu zilizomo katika kijitabu cha jubilei ya shule ya mji wetu zinaanza na kengele. Kengele yenyewe ni kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, na anayekigonga hutumia nondo. Mji wetu ulikua kwa sababu ya reli ya kati, na shule nayo ikawa inaamshwa kwa chuma chake. Waliosoma pale miaka ya 1960 wanakitaja, na waliomaliza juzi wanakitaja. Mimi pia nilisoma pale, na ningeombwa kuandika, nami ningeanza na mlio ule ule.

Sikuombwa kuandika. Niliombwa kunyoosha Kiswahili. Kamati ya maandalizi ilisikia kwamba nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na kwa watu wa nyumbani mtu wa fasihi ni fundi wa sentensi za wengine, kama fundi cherehani anavyopunguza suruali. Nilikubali. Kwa wiki tatu nilisoma kurasa zilizoandikwa kwa mkono, jumbe za WhatsApp, na sauti zilizorekodiwa usiku huku mbwa wakibweka kwa mbali. Nilirekebisha, nikapanga, nikafuta. Leo nataka kukizungumzia kijitabu hicho kama ninavyozungumzia kitabu kingine chochote, kwa sababu naamini kumbukumbu za watu waliosoma shule moja ni utanzu kamili. Una kanuni zake na una uzuri wake. Pia una watu ambao haujui kuwaweka wapi.

Nianze na uzuri. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na tangu hapo umeandikiwa tasnifu nyingi kuliko ninazoweza kusoma kabla ya kuhitimu. Katika kijitabu chetu mzee mmoja aliyekuwa kidato cha pili wakati ule anaueleza kwa jembe lake. Kila mwanafunzi alitakiwa kuja na jembe kutoka nyumbani, mpini umeandikwa jina kwa msumari wa moto. Asiye na jembe alipewa ndoo akateke maji. Kwa hiyo, anasema, baada ya wiki mbili kila mtu alimjua mwenzake anayetoka katika nyumba isiyo na jembe la ziada, maana kila siku ya shamba alionekana na ndoo. Hakuna mtaala ulioyapanga hayo. Waraka ulitaka shule iwafunze watoto usawa na kazi. Shamba likawafunza kazi, na likaonyesha pia nani ni maskini. Mzee halaumu mtu. Anasimulia tu, halafu anarudi kwenye bei ya alizeti.

Mwanamke mmoja wa miaka ya 1980, miaka ya uhaba, anaeleza jinsi daftari moja lilivyokatwa kwa wembe likawa madaftari mawili, na jinsi sketi ilivyopigwa pasi kwa kulaliwa chini ya godoro. Mambo kama haya hayamo katika ripoti za wizara. Mji wetu haujawahi kuwa na gazeti lake, na mtu akitaka kujua watoto wake waliishi vipi atakuja kwenye vijitabu hivi. Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu chuoni wanaovicheka kwamba ni maandishi ya sherehe, pilau na soda. Vinastahili kusomwa kwa makini, na kusoma kwa makini ndiko kulikonitia wasiwasi.

Angalia neno moja: tulichapwa. Limo karibu kila ukurasa. Tulichapwa kwa kuchelewa, tulichapwa kwa kuongea, tulichapwa darasa zima kwa sababu ya mmoja. Neno "alinichapa", lenye mtu anayechapa na mtu anayechapwa, nililikuta mara mbili tu. Kiswahili kimetupa kiambishi kidogo cha -w-, na kinatusaidia kumficha mtendaji bila kusema uongo. Kile cha tu- nacho kinatusaidia kuficha maumivu, kwa kuwa maumivu ya wengi hugeuka haraka kuwa hadithi. Wingi huo ukichanganywa na kutendwa, fimbo inakuwa kama mvua: ilinyesha, tukalowa sote.

Kisha kinakuja kiambishi cha -ka-, ambacho kwangu ndicho injini ya utanzu huu. Nilichelewa, nikachapwa, nikakoma, nikafaulu, nikawa mhandisi. Sarufi inatuambia kwamba -ka- huonyesha mfuatano tu, tukio baada ya tukio. Lakini sikio la msomaji husikia zaidi: husikia kwamba hiki kilisababisha kile. Mtu mmoja anakumbuka viboko kumi na viwili siku ya Jumatatu, na sentensi inayofuata anashukuru kwamba vilimfanya awe mtu. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe katika daftari. Hilo si hoja yangu hapa. Hoja yangu ni kwamba anayesimulia ni yule ambaye fimbo haikumwondoa. Aliyeacha shule kwa kuogopa Jumatatu hakutuma kumbukumbu, na hata angetuma, sentensi zake zisingefika kwenye uhandisi.

Kuna kisa kimoja ambacho nilikicheka kwa sauti nilipokuwa nikikinyoosha. Shuleni kwetu, kama katika shule nyingi, Kiswahili kilipigwa marufuku nje ya kipindi cha Kiswahili. Aliyekamatwa akikisema alivishwa mfupa wenye kamba shingoni, akae nao mpaka amkamate mwingine. Msimulizi anaeleza alivyouvaa tangu asubuhi, na jinsi saa nane mchana alivyoona njia ya kuuvua: alimkanyaga rafiki yake kidole cha mguu kwa makusudi, rafiki akalia "Mama wee!", na mfupa ukahama. Kisa kimesimuliwa vizuri, na mwandishi wake anajua mahali pa kunyamaza ili msomaji acheke.

Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia jambo hilo hilo katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986. Pale Limuru, kitu kidogo kilikabidhiwa kwa mtoto mmoja asubuhi, naye akakipeleka kwa yeyote aliyesikika akizungumza Gĩkũyũ, kikapita mikono mingi. Jioni waliokishika waliulizwa mmoja mmoja walikipata kwa nani, na wakosaji wote wa siku wakajulikana. Ngũgĩ anasema watoto walifunzwa faida ya kuisaliti jamii yao wenyewe. Ningeweza kusema tofauti ni kwamba yeye ana hasira na wetu ana ucheshi, lakini jibu hilo ni rahisi mno. Ngũgĩ anauliza kile kitu kilikuwa na kazi gani. Msimulizi wetu anauliza aliuvuaje. Wa kwanza anatazama aliyekitengeneza, wa pili anamtazama rafiki aliye karibu. Na rafiki yule aliyekanyagwa hayumo katika kijitabu.

Hapo ndipo inabidi niseme nilichokifanya.

Kundi la WhatsApp lililokusanya kumbukumbu linaitwa kundi la wahitimu. Nililiona jina hilo kila siku bila kulitafakari. Mhitimu ni mtu aliyemaliza. Kiswahili kina maneno mengine, kina "aliyesoma pale", kina "mwanafunzi wa zamani", lakini kamati ilichagua mhitimu kwa kuwa lina heshima, na kwa neno hilo moja mlango ukafungwa nusu. Mama yangu mdogo aliupitia huo mlango uliofungwa nusu. Hakuwa katika kundi. Alisikia kutoka kwa mama kwamba nakusanya habari za shule, akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili na ushee.

Alisoma pale mwaka mmoja na miezi saba. Katika ujumbe wake anaeleza siku wasichana walipopangwa foleni nje ya stoo ya vitabu, wakaingia mmoja mmoja, na muuguzi akawaminya tumbo. Ilikuwa 1996. Anaeleza alivyorudishiwa madaftari yake, akayatia kwenye mfuko wa rambo, akaambiwa apite geti la nyuma ili wenzake wasimwone. Hasemi nani alimpa mimba. Hasemi kwamba alionewa. Anasema alikuwa wa tatu darasani kwa Jiografia, na kwamba mpaka leo anaweza kutaja vituo vyote vya treni kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha anavitaja kadhaa kwa haraka, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Mwishoni anasema: "Mwanangu, mimi sikuhitimu, lakini nilisoma. Kama mtaweka majina, mniweke."

Niliunakili ujumbe ule neno kwa neno. Haukuhitaji kunyooshwa. Mmoja wa viongozi wa kamati, mtu mpole aliyenifundisha hata kuendesha baiskeli, aliusoma na kusema ni mzuri sana, ila siku ile kutakuwa na mgeni rasmi. Nikaelewa, nikafuta, nikatuma faili kwa mchapaji. Ona jinsi -ka- inavyonifaa na mimi pia. Ukiisoma sentensi hiyo upesi utadhani kila kitendo kilikuja chenyewe baada ya kingine, na kwamba hapakuwa na jioni nzima kati ya kuelewa na kufuta. Jioni hiyo ilikuwepo. Nilijua ninachokifanya.

Wanafasihi tunapenda kusema kwamba riwaya husema yale ambayo kumbukumbu rasmi haziwezi. Mfano wetu wa karibu huwa ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, kuhusu binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na hofu, ambaye maisha yake ya shule hayawezi kusomwa kwenye jubilei yoyote. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa kipindi. Nimekiandikia insha mbili chuoni, na katika moja nililaumu vikali wale waliokizuia, kwamba waliogopa kujiona. Nilipata alama nzuri. Miaka miwili baadaye nilikuwa na Rosa wa kweli kwenye simu yangu, mwenye sauti, na nikafanya kazi ile ile ya wazuiaji, kwa upole, kwa sababu ya mgeni rasmi.

Mtu anaweza kusema nyakati zimebadilika. Ni kweli. Juni 2017 Rais alitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shuleni. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Geti la nyuma limefunguliwa kwa walioko leo. Lakini tangazo haliwarudishi wa 1996 kwenye picha. Hiyo ni kazi ya kumbukumbu, na kumbukumbu zetu bado zinafuata kanuni ya zamani: asiyemaliza hakuwepo.

Siombi vijitabu hivi vigeuke kuwa mashtaka. Kicheko kina haki yake. Kuna watu walioshindwa kuishi na siku zile kwa njia nyingine yoyote. Ninachoomba ni kidogo na ni cha kisarufi. Mahali tulipoandika "tulichapwa", tujaribu mara moja kuandika nani alichapa na nani alichapwa, tuone kama bado tunacheka. Mahali penye -ka-, tuulize kama kweli kimoja kilizaa kingine. Na kwenye orodha ya majina tutumie neno linalomtosha kila aliyewahi kukaa kwenye dawati lile, hata kwa mwaka mmoja na miezi saba.

Nilimpelekea mama mdogo nakala yake mwenyewe, nikamwamkia, nikakaa. Alifungua ukurasa kwa ukurasa bila haraka. Kwenye picha ya kidato cha kwanza cha 1995, ambayo maelezo yake yanasema "baadhi ya wanafunzi", aliweka kidole kwenye msichana wa safu ya pili. "Huyu ni mimi," akasema. Aliendelea hadi mwisho, akafunga kijitabu, akaniuliza kama maneno yake yalipotea kwenye simu. Nilimwambia hapana, niliyatoa mimi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ungeniambia tu." Kisha akanipakulia chakula.

Kamati inafikiria kuchapa toleo la pili, maana nakala ziliisha siku ile ile. Nimewatumia ujumbe wake tena, safari hii kwenye kundi lenyewe, mbele ya wote, kwa idhini yake. Wengine wameweka alama ya dole gumba, wengine wamenyamaza, na mmoja ameniuliza, kwa heshima kabisa, unahusiana vipi na nyingine. Nilimjibu asome mwanzo wake. Mama mdogo anaanza kwa kusema kwamba alikuwa amefika geti la nyuma, mfuko wa rambo mkononi, aliposikia reli ikigongwa kwa ajili ya mapumziko, na miguu yake ikageuka yenyewe kurudi darasani.