Jibini ya Irente

Miaka yote ya ofisini, chakula cha mchana kwangu kilikuwa kazi ya kumalizwa upesi. Posta, saa saba mchana, jua la utosi: mama ntilie anapakua wali maharage huku jicho liko kwa mteja anayefuata, nawe unameza ukijua benchi linangojewa. Chakula kitamu, sina ugomvi nacho. Ila tangu nistaafu, nimeuruhusu mlo wa mchana uwe safari nzima, na safari niipendayo kuliko zote huishia Irente.

Basi la Dar es Salaam hukushusha Mombo, kwenye joto lake. Hapo unadaka Hiace, unapanda kilomita 33 za kona tupu, unapita Soni na maporomoko yake, na ukifika Lushoto unatafuta sweta. Kutoka mjini hadi Irente mimi huenda kwa miguu. Bodaboda hunipigia honi kwa huruma. Hawaamini kwamba mzee anaweza kuwa hana haraka tu.

Shamba la Irente ni la Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na mlo wake wa mchana una sifa: mkate mweusi mzito, jibini, mboga mbichi, jemu, juisi ya matunda. Wengi husifu mkate. Mimi namvulia kofia fundi wa jibini.

Kilo moja ya jibini ngumu hula maziwa yapatayo lita 10. Hupashwa moto yawe vuguvugu, nyuzi 30 na ushei, yakatiwa dawa ya kugandisha, kisha yakaachwa. Fundi huchomeka kidole kwenye mgando na kukiinua taratibu. Ukipasuka mstari mmoja safi, maji ya kijanikijani yakachuruzika ufani, kisu kiletwe. Ukivurugika kama uji, arudi akakae. Vipande vikikatwa vikubwa hubaki na maji, vikiwa vidogo huyaachia, kwa hiyo ulaini wa jibini huamuliwa papo hapo, na mkono. Kuchuja, kukandamiza na kulaza kwenye maji ya chumvi ni kazi ya kawaida. Mtihani uko rafuni: wiki kadhaa za kugeuza na kufuta, kugeuza na kufuta. Hapo sisi wa mjini tungeshindwa mapema.

Jirani yangu wa Kariakoo husema jibini inanuka soksi. Simlaumu. Sisi watu wa mtindi, na aliyowahi kuionja ni ile ya vipande vya nailoni, yenye ladha ya jokofu.

Nikishiba hujikokota hadi ukingoni, pale watu wanapopigia picha. Chini kabisa, karibu mita 1,000, ni Mazinde na mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Ukisimama hapo unaelewa kwa nini jibini ilipata makao huku juu: baridi ya mlima humsaidia fundi rafuni bila malipo. Kule bondeni ingetoka jasho siku ya kwanza.

Nalijua hilo vizuri. Kila nikirudi Dar hununua kipande kwa ajili ya wajukuu, nikakifunga kwenye gazeti. Mombo huanza kulainika, Korogwe karatasi imeshalowa mafuta, nami si mtu wa kuacha chakula kiharibike. Wajukuu hawajawahi kukiona. Hakijapata kuvuka Segera.