Nakala ya Pili ya Michael Faraday

Kwenye kumbi za mihadhara siku hizi simu ziko juu muda wote. Slaidi ikibadilika, picha inapigwa. Aliyekosa ataomba kwenye kundi la WhatsApp. Wengine huandika kila neno mpaka vidole vinauma. Wote hutoka na maneno ya mhadhiri mkononi, lakini somo lenyewe bado halijawaingia. Aliyelitatua tatizo hili vizuri kuliko wote ninaowafahamu hakuwahi kusoma chuo kikuu.

Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alikuwa mwanagenzi kwenye karakana ya kujalidi vitabu jijini London alipoanza, mwaka 1810, kuhudhuria mihadhara ya sayansi ya John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na kaka yake ndiye aliyemlipia. Mwaka 1812 akapewa tiketi za kumsikiliza mkemia mashuhuri Humphry Davy pale Royal Institution, mihadhara minne. Jinsi alivyozoea kuandika notsi alikuja kuieleza mwenyewe.

Alipenda kukaa mbele. Kofia aliiweka magotini, na juu yake karatasi chache zilizoshonwa katikati. Mhadhara mzima hakuuandika. Aliandika maneno makuu, sentensi fupi zenye uzito, majina ya majaribio na ya kemikali zilizotajwa, na dokezo lolote la kumkumbusha baadaye. Ukipiga hesabu utaona alikuwa sahihi: mzungumzaji hutoa maneno zaidi ya 100 kwa dakika, na mkono wa kawaida haufiki hata 40. Anayefukuzana na mdomo wa mhadhiri ataachwa tu, na muda wote huo hasikilizi.

Chukua mhadhara wa uchumi unaoeleza kwa nini benki kuu hupandisha riba. Anayenakili bado anahangaika na sentensi ya kwanza wakati mhadhiri yuko kwenye mfano wa pili. Kwa njia ya Faraday daftari lingekuwa na mstari mmoja: “bei juu, riba juu, mikopo ghali, manunuzi chini; mfano wa bodaboda.” Basi, kichwa kinabaki huru kufuata hoja.

Kazi kubwa ilikuwa baadaye. Akitoka ukumbini alikwenda moja kwa moja nyumbani kuandika nakala ya pili, kwa mpangilio uleule, ndefu zaidi na iliyounganishwa vizuri. Kuunganisha “mikopo ghali” na “manunuzi chini” kwa sentensi kamili kunakulazimisha ujue kimoja kinaletaje kingine. Ukikwama, umeshajua ni wapi hukuelewa, na bado una muda wa kuuliza. Haraka yake nayo ilikuwa na maana. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba kusahau kwingi hutokea saa za mwanzo. Madesa yanayofunguliwa wiki ya mitihani yanamkuta msomaji ambaye mhadhara ulishamtoka.

Kutokana na nakala hiyo Faraday aliandika ya tatu, hata ya nne, akaongeza michoro ya vifaa. Notsi za mihadhara ya Davy alizijalidi mwenyewe, kitabu cha kurasa zaidi ya 300, akampelekea Davy. Mwaka 1813 nafasi ya msaidizi wa maabara ilipopatikana, Davy alimwita yeye. Mwaka 1831 kijana huyo wa kujalidi vitabu aligundua jinsi sumaku inavyozalisha umeme.

Mwanafunzi mwenye kozi tano hahitaji nakala nne. Ya pili ndiyo asiiache, na nusu saa siku ileile inamtosha. Hapo lawama nazigeuzia ratiba za vyuo. Mihadhara mitatu mfululizo, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, inamnyima mwanafunzi nusu saa hiyo. Mhadhara wa kwanza umeshafutwa na wa tatu kabla hajashika kalamu. Saa moja tupu kati ya mhadhara na mhadhara, na viti vya kutosha maktaba, vingemfaa kuliko slaidi nyingine 60 kwenye simu.