Ngoma za Bulabo

Kila mwaka, wakati wa Sikukuu ya Mwili wa Kristo, watu wengi hukusanyika Bujora, karibu na Kisesa, kwa sherehe ya Bulabo, jina litokalo katika neno la Kisukuma la maua. Padre David Clement ndiye aliyezikaribisha ngoma za Wasukuma katika sikukuu hiyo, miaka ya 1950.

Bagika na Bagalu, vyama vilivyoanzishwa na Ngika na Gumha katika karne ya 19, hucheza wakati mmoja, kila chama upande wake. Kwa desturi, ngoma ivutayo watu wengi ndiyo ishindayo. Wazee walitafuta dawa za kuvuta umati huo, na dawa hizo Mkristo hana budi kuzikataa. Lakini hatuoni sababu ya kuikataa na ngoma yenyewe.

Lawama yetu ni nyingine. Manju asimama kuimba maneno aliyoyatunga kwa taabu. Mara chatu atolewa ng'ambo ya pili, na watu wote wakimbilia huko, hata akina mama wenye watoto mgongoni. Wimbo wabaki bila msikilizaji. Je, huo ni ushindi wa ngoma, au wa nyoka?

Bugobogobo yatupendeza zaidi. Asili yake ni kazi ya shamba. Majembe hupanda na kushuka pamoja na ngoma, wala mchezo hauufuniki wimbo. Kwa Bagika na Bagalu twaomba hivi: manju amalize kwanza, watu wakiwa wametulia, ndipo chatu atolewe.