Melos: Msemaji Si Mwandishi

Wananadharia wa uhalisia katika uhusiano wa kimataifa humhesabu Thucydides kuwa baba yao, wakitegemea majadiliano ya Melos (416 K.K.). Humo wajumbe wa Athens wanashikilia kwamba haki huamuliwa baina ya walio sawa tu; kwa methali yetu, mwenye nguvu mpishe. Lakini msemaji si mwandishi. Mara baada ya kueleza maangamizi ya Melos, Thucydides anasimulia vita vya Sicily (415–413 K.K.), vilivyoteketeza jeshi la Athens. Mpangilio huo nao ni hoja. Anayeinukuu hotuba na kuyaacha masimulizi amesoma nusu ya kitabu. Naye asiwafundishe wanyonge kwamba unyonge wao ni sheria ya maumbile.