Watoto wa Shule Katika Makumbusho ya Nairobi

Walimu wenzangu, yafaa tuyapime matembezi ya watoto wa shule katika Makumbusho ya Nairobi kama tupimavyo kitabu. Uani imesimama sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekufa mwaka 1974, kwa kimo chake kamili. Hapo sina la kulaumu: mtoto huinua macho, akafahamu ukubwa kuliko kwa tarakimu zote za ubaoni.

Lawama yangu ni ya ndani. Humo huonyeshwa mifupa ya mtoto wa Turkana, aliyeishi yapata miaka 1,500,000 iliyopita, akafa akiwa na umri kama wa miaka 8 au 9, rika moja na wengi wa hao wanaomtazama. Lakini mara nyingi mwalimu huwahimiza kunakili maandishi ya kibao, kisha mbio kwenye ndege. (Nao ndege ni wengi hata macho huchoka.)

Mfupa wa kwanza wa mtoto yule, kipande cha fuvu kadiri ya kibiriti, aliuona Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, nao rangi yake karibu sawa na vijiwe vilivyouzunguka. Mtu mwenye haraka angaliupita. Basi mtoto atajifunzaje kutazama namna ile kwa daftari na mbio? Na waketi mbele ya mifupa nusu saa, bila kalamu, waulizwe: Meno haya yaonyesha umri gani? Paja hili lapita lako? Wasipofika kwa ndege, ndege watawangoja.