Serendipiti si bahati tu

Wengi hulifasiri neno la Kiingereza serendipiti kuwa bahati njema, nami niliwafuata. Kumbe sivyo. Horace Walpole alilibuni katika barua ya tarehe 28 Januari 1754, akilichota kwenye hekaya ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, ndiyo Sarandibu ya Waarabu, Sri Lanka ya leo. Walitambua kuwa ngamia aliyepita njiani (Walpole asema nyumbu, alisahau) ni chongo, kwa kuwa alikula majani ya upande mmoja tu. Bahati iko wapi hapo? Walpole mwenyewe alitaja nasibu pamoja na werevu. Sisi tumebakiza nasibu. Na werevu huo uliwatia kifungoni, wakidhaniwa ndio wezi wa ngamia.